Chenji Nayo ni Deni

Kiswahili kina majina mengi ya fedha, na mawili kati ya yale tunayoyatumia kila siku yana asili inayofanana. Neno "pesa" limetoka India, kwenye sarafu ndogo ya shaba iliyokuwa ikizunguka katika pwani yetu katika karne ya 19. Neno "hela" limetoka kwa Wajerumani, ambao mwaka 1904 waliamua kwamba rupia ya koloni lao igawanywe katika heller 100. Wazee wetu wangeweza kuchukua jina la sarafu ya dhahabu na kuziita fedha zote kwa jina hilo. Hawakufanya hivyo. Walichukua majina ya sarafu ndogo, zile alizopewa mtoto aliyetumwa chumvi dukani, wakayafanya kuwa majina ya fedha zote, zikiwemo za matajiri.

Naamini hawakukosea. Noti kubwa ni ya kuwekwa sandukuni au ya kulipia ng'ombe. Maisha ya kila siku, hasa maisha ya mtu maskini, yanapimwa kwa vipande: kibaba cha unga, kijiko cha mafuta, fungu la dagaa, nauli ya kwenda na kurudi. Mtu mwenye noti kubwa katika kijiji kisicho na chenji anaweza kulala na njaa huku fedha ziko mfukoni mwake.

Kwa hiyo nataka tujiulize swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana dogo mno kuandikiwa insha. Mtu asipokuwa na chenji akakupa karatasi, akakuahidi kwamba utairudisha naye atakulipa, anadaiwa nini hasa? Na deni hilo linakwisha lini: siku unaporudi, siku unaposahau, au haliishi mpaka lilipwe?

Historia ina mfano mmoja mkubwa wa jambo hili. Mwezi Agosti 1914 Ujerumani iliingia vitani, na katika siku chache sarafu zikaanza kutoweka madukani. Hazikuwa zimeibwa. Watu walizificha, kwa kuwa wakati wa vita kila mtu huamini zaidi chuma chenye uzito mkononi kuliko karatasi ya serikali. Benki kuu yenyewe ilikuwa imeacha kubadilisha noti zake kwa dhahabu. Mwenye kiwanda alikuwa na noti kubwa, lakini hakuwa na vipande vya kumlipa kila mfanyakazi ujira wake wa wiki. Mwenye duka alikuwa na mkate, lakini hakuwa na cha kumrudishia mnunuzi.

Ndipo halmashauri za miji, benki za akiba na hata viwanda vikaanza kuchapa noti zao wenyewe. Wajerumani waliziita Notgeld, yaani fedha za dharura. Mamia ya miji yalifanya hivyo katika majuma ya mwanzo ya vita. Baadaye, shaba na nikeli zilipohitajika kwa kutengenezea silaha, sarafu ndogo zikapungua tena, na noti za pfennig 10, 25 na 50 zikaenea hadi katika miji midogo sana. Pfennig 100 zilikuwa marki moja. Basi noti hizi zilikuwa chenji tupu, lakini chenji ya karatasi.

Karatasi ile haikuwa na dhahabu nyuma yake. Nyingine zilichapwa kwa haraka na mchapaji wa mjini, yuleyule aliyechapa matangazo ya mnada na kadi za harusi. Kwa nini basi mwuza maziwa alizipokea? Alizipokea kwa sababu juu yake palikuwa na jina la mji wake, sahihi ya meya wake, na maneno yaliyosema kwamba hazina ya mji itazilipa. Mwuza maziwa aliijua ofisi ya hazina ilipo. Alimjua meya, na pengine alimpelekea maziwa kila asubuhi. Ikiwa ahadi ingevunjwa, alijua mlango wa kubisha.

Huo ndio msingi wa kwanza wa fikra yangu. Fedha ni ahadi, na ahadi huhitaji kuwa na uso. Serikali iliyo mbali inaweza kuahidi mengi, lakini huwezi kuibishia hodi. Mji mdogo una mlango. Jirani ana mlango.

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu pasipo vita yoyote. Katika mtaa nilioishi kwa miaka mingi palikuwa na duka moja la rejareja, na mwenyewe, kama ilivyo kawaida ya mitaa ya Dar es Salaam, tulimwita Mangi. Siku ambazo hakuwa na sarafu alikata kipande cha gamba la pakiti ya sigara, akaandika kiasi, akatia sahihi yake, akampa mteja. Vipande hivyo vilitembea. Mtoto alitumwa na kipande kununua kiberiti. Fundi cherehani wa jirani alivipokea kwa kazi ya kushona kifungo, kwa kuwa alijua jioni atakwenda dukani kununua sukari. Hakuna aliyemwuliza Mangi ana akiba kiasi gani. Walijua analala nyuma ya duka lake.

Mzee mmoja wa mtaa ule alifariki. Baada ya arobaini mjane wake alipanga nguo za marehemu ili azigawe kwa ndugu, akakuta katika mfuko wa shati vipande vitatu vya gamba, vimechakaa, wino umefifia. Kimoja kilisomeka kwa shida. Akaenda navyo dukani bila matumaini makubwa, nami nilikuwepo nimesimama nikisubiri kuhudumiwa. Mangi alivigeuzageuza kwenye mwanga, akasema, "Shikamoo mama. Hiki ni mia mbili, hiki mia, na hiki siwezi kukisoma, lakini sahihi ni yangu." Kile kisichosomeka akakilipa kama kile kikubwa. Mama akasema, "Marahaba, mwanangu," na hakuna aliyeongeza neno.

Nililitafakari tendo hilo kwa muda mrefu. Jumla ya fedha zile isingetosha kununua kilo ya nyama. Mjane asingeweza kumshitaki mtu kwa kipande kisichosomeka. Kama Mangi angesema, "Mama, hiki kimefutika," hakuna jirani ambaye angemlaumu. Lakini yeye hakukisoma kipande. Aliisoma sahihi yake mwenyewe. Alijiuliza, sidhani kama kwa maneno, "Je, mimi niliahidi?" Na jibu lilikuwa ndiyo.

Sasa tulinganishe na desturi nyingine ambayo kila msomaji anaijua: kupewa peremende badala ya chenji. Si ya kwetu peke yetu. Italia ilipata uhaba mkubwa wa sarafu katika miaka ya 1970, na maduka yakatoa pipi. Benki nazo zikatoa hundi ndogondogo za lira 50, 100 na 150 ambazo zilizunguka kama fedha. Zimbabwe, baada ya kuanza kutumia dola za Marekani mwaka 2009, ilikosa senti, na wanunuzi wakapewa pipi na vikaratasi, mpaka serikali ilipoleta sarafu zake za badala mwishoni mwa mwaka 2014.

Peremende ina kasoro moja inayoitofautisha na gamba la Mangi: hairudi. Niliwahi kumwona kijana mmoja katika duka kubwa la mjini akimwaga peremende nane mezani ili alipie daftari. Mhudumu alicheka, kisha akakasirika. "Hizi si hela, kaka." Kijana akajibu, "Mbona jana mlinipa kama hela?" Watu kwenye foleni walicheka pia, lakini swali lake halikuwa la kuchekesha. Anayekupa kitu kama fedha leo na kukataa kukipokea kama fedha kesho hakukulipa. Amekuuzia bidhaa ambayo hukuiomba. Ahadi ya kweli ni ile ambayo mwenye kuitoa yuko tayari kuipokea ikirudi.

Hapa historia ya Ujerumani inatupa jambo la pili, gumu kuliko la kwanza. Baada ya vita watu walianza kuzikusanya noti za miji kama wanavyokusanya stempu. Miji ikang'amua haraka. Kati ya mwaka 1920 na 1922 ilichapa noti nyingi za rangi, zenye picha za makanisa, hadithi na vichekesho. Bielefeld, mji wa viwanda vya nguo, ulitoa noti zilizochapwa juu ya hariri, kitani na mahameli. Nyingine ziliuzwa moja kwa moja kwa wakusanyaji, na nyingine muda wake wa kutumika ulikwisha kabla hazijapita mkononi mwa mwuza maziwa yeyote. Kila noti iliyobaki katika albamu ilikuwa faida kwa mji, kwa sababu ilikuwa ahadi iliyolipiwa na ambayo haitadaiwa kamwe. Mwaka 1922 serikali ilizipiga marufuku.

Mji wa Hameln nao ulitoa noti kama hizo, zikiwa na picha za hadithi iliyoufanya ujulikane duniani. Hadithi yenyewe ni hii: mji ulijaa panya, akaja mpiga filimbi, akaahidiwa ujira akiwaondoa, akawaondoa, wakubwa wa mji wakakataa kumlipa, naye akapiga filimbi tena, na safari hii waliomfuata ni watoto. Sijui kama wachapaji walicheka walipokuwa wakiweka juu ya karatasi ya ahadi picha ya mji uliovunja ahadi. Mimi naona hakuna picha iliyofaa zaidi.

Je, miji ile ilifanya kosa? Lazima tuwe waadilifu. Aliyenunua noti ya hariri ili aitie katika albamu alijua anachofanya. Alinunua picha, akapata picha. Hakuna aliyedhulumiwa. Lakini jambo hilo halali lina jirani yake ambaye si halali, na ukuta kati yao ni mwembamba. Jirani huyo ni tabia ya mdaiwa kuanza kutumaini kwamba mdai hatarudi. Mwenye karatasi asiporudi kwa hiari yake, ni sawa. Asiporudi kwa sababu amesahau, amehama, hajui kusoma, au nauli ya kwenda kudai ni kubwa kuliko deni lenyewe, kunyamaza kwa mdaiwa kunakuwa aina ya wizi usio na kelele. Hundi ndogo za Italia zilikuwa za karatasi hafifu. Nyingi zilichakaa na kutupwa, na kila iliyotupwa iliiachia benki kitu ambacho haikukifanyia kazi.

Mwenzangu mmoja niliyejadiliana naye haya aliniambia, "Ndugu yangu, unakuza mambo. Vipande hivi ni vidogo mno. Biashara haiwezi kwenda ikiwa kila senti itafuatwa mpaka kaburini." Hoja yake ina uzito, kwa kuwa muda nao ni mali. Lakini nilimjibu kwamba udogo wa kitu hupimwa kwa upande wa anayekidai, si kwa upande wa anayekidaiwa. Shilingi mia ni ndogo kwa mwenye duka aliye na wateja mia tano. Kwa wateja walio na mia moja moja ya mwisho, si ndogo. Na ukiwajumlisha wateja mia tano, utaona kwamba hata kwa mwenye duka si ndogo. Haba na haba hujaza kibaba, nasi tujiulize ni kibaba cha nani kinachojaa.

Jambo la tatu ndilo lililonisumbua zaidi. Mwaka 1923 fedha ya Ujerumani yenyewe ilikufa. Kabla ya vita dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki 4.2. Mwezi Novemba 1923 ilikuwa sawa na marki trilioni 4.2, yaani ongeza sifuri 12. Mashine za benki kuu hazikuweza kuchapa kwa kasi iliyotakiwa, na miji, viwanda na mashirika ya reli wakaruhusiwa tena kutoa noti zao, sasa za mamilioni na mabilioni. Mtu mwenye noti ya mji iliyoandikwa marki milioni moja aliweza kwenda nayo katika hazina, na mweka hazina, mwaminifu kabisa, akampa marki milioni moja. Neno kwa neno ahadi ilitimizwa. Na milioni hiyo haikununua hata punje ya ngano.

Je, mji ulilipa deni lake? Meya hakudanganya. Mlango ulikuwepo, na hodi iliitikiwa. Kwa hiyo msingi wangu wa kwanza hautoshi. Ahadi inaweza kuwa na uso mwema kabisa na bado ikamwacha mtu mikono mitupu, ikiwa kitu kilichoahidiwa kimeoza.

Mahakama ya juu ya Ujerumani ilikutana na swali hilohilo. Kwa miaka kadhaa kanuni iliyoshikwa ilikuwa kwamba marki ni marki: aliyekopa marki elfu za dhahabu kabla ya vita aliweza kulipa marki elfu za karatasi, akachukua hati ya nyumba yake akiwa huru. Tarehe 28 Novemba 1923 mahakama hiyo iliamua katika kesi ya rehani kwamba malipo ya namna hiyo yanapingana na uaminifu na nia njema ambayo sheria inaitaka katika mikataba. Kwa maneno mepesi, ahadi hulipwa kwa thamani na si kwa tarakimu. Mwaka 1925 ikatungwa sheria iliyorudishia rehani robo ya thamani yake ya zamani. Robo si nzima, lakini ilikuwa ni kukiri deni.

Lakini tazama nani aliyepata robo hiyo. Ni mwenye rehani, mwenye hati na wakili. Mama aliyekuwa na noti zake kapuni hakuwa na kesi. Marki mpya iliyoanza kutolewa tarehe 15 Novemba 1923 ilihesabiwa kuwa sawa na marki trilioni moja za karatasi, na hapo hesabu yake ilifungwa. Deni kubwa lina wakili. Chenji haina.

Nchi yetu nayo iliwahi kuwa na karatasi za namna hii. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoifunga bahari, koloni la Wajerumani halikuweza kuletewa fedha kutoka Ulaya. Kuanzia mwaka 1915 benki ya koloni ilitoa noti za muda zilizochapwa hapahapa nchini, na mwaka 1917 nyingine zilipigwa kwa herufi za mpira kama mhuri wa ofisi. Katika karakana ya reli ya Lulanguru karibu na Tabora zilitengenezwa mwaka 1916 sarafu za heller 5 na 20, na hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Mwezi Septemba 1916 Tabora ikaingia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji. Vita vilipokwisha, dola iliyoahidi ilikuwa imeondoka. Ikaja florin mwaka 1920, na baada yake shilingi.

Dhahabu yenye tembo ilibaki dhahabu, na leo inagombewa na wakusanyaji wa dunia. Lakini mtu aliyeuza mtama wake kwa karatasi iliyopigwa mhuri wa mpira alikuwa ameshika ahadi ambayo mlango wake umehamishwa ng'ambo ya bahari. Hapa hapakuwa na uso wala thamani. Na huyo mtu, kama wale wazee walioziita fedha "hela", ndiye aliyekuwa na haki ya kwanza ya kulipwa, kwa kuwa mtama wake ulikwisha kuliwa.

Nikirudi kwenye swali langu, jibu ninaloliona ni hili. Anayetoa karatasi badala ya chenji anadaiwa kile ambacho mwenzake alikitoa: mkate kwa mkate, jasho kwa jasho. Karatasi ni ukumbusho tu wa deni. Deni lenyewe halifi karatasi ikifutika, wala mdai akisahau. Kenya ilitunga mwaka 2011 sheria kuhusu mali za fedha zisizodaiwa, inayotaka taasisi iliyokaa na fedha za watu wasiorudi izikabidhi kwa mamlaka ili wenyewe au warithi wao wazidai. Nimefurahi kuona sheria ikisema lile ambalo muungwana alilijua zamani: kutokuja kwa mwenyewe hakukifanyi kitu kuwa chako.

Hata hivyo sheria haitafika kila mahali. Haitafika kwenye daladala ambapo kondakta anasema "chenji yako baadaye" naye anaomba moyoni ushuke kituo cha karibu. Haitafika kwenye kaunta, wala kwenye ofisi ambamo mwananchi wa mbali anaambiwa arudi kesho kwa kiasi kisichofikia nauli yake. Kwenye madeni makubwa tunalazimishwa kuwa waaminifu, na mtu aliyelazimishwa hatujui bado ni mtu wa namna gani. Kwenye chenji hakuna anayetulazimisha. Ndiyo maana, msomaji wangu, ukitaka kuijua hali ya uaminifu katika mji wowote, usianzie kwenye benki yake. Nenda dukani, nunua kiberiti kwa noti kubwa, uone watakavyofanya kuhusu kinachobaki.